Mbona Mama Amechoka na Chakula Kipo?

Wapendwa akina mama, kuna neno moja tunalolisikia karibu kila siku kliniki na katika nyumba tunazozitembelea hapa Wesha. Neno lenyewe ni "sina nguvu". Hulisema mama anayenyonyesha, hulisema msichana wa skuli, na bibi mwenye wajukuu hulisema pia. Tukiuliza kama wamekula, jibu huwa ni ndiyo. Wali umepikwa, muhogo umechemshwa, chai ya sukari imenywewa. Hakuna aliyelala na njaa. Basi nguvu zimekwenda wapi?

Wengine hujibu upesi kwamba mama huyo ni mvivu, na hapo tunamwonea bure. Wengine humpeleka dukani kununua chupa ya dawa ya kuongeza nguvu, na hapo tunapoteza fedha, pengine na afya. Mwezi huu tumeona tulitazame jambo hili kwa utulivu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kushiba ni kitu kimoja, na kukigeuza chakula kuwa nguvu ni kitu kingine. Katika kazi hiyo ya kugeuza, mwili unahitaji vitu vidogo sana, vitamini na madini, ambavyo tumbo halivihesabu linaposhiba.

MZIGO GATINI

Sisi wa Wesha tunaijua bandari, kwa hiyo tuchukue mfano wa hapohapo. Chombo kikifika na magunia ya mchele, mzigo upo na kila mtu anauona. Lakini gunia halina miguu. Panahitajika mahamali, na hamali naye anahitaji gari lake la kusukuma. Mahamali wakiwepo bila magari, au magari yakiwa mawili badala ya kumi, mzigo utarundikana gatini huku watu madukani wanalia kwamba hakuna mchele.

Mwilini mambo ni hayohayo. Mzigo ni wanga na mafuta tunayokula. Mahamali ni vimeng'enya, yaani protini maalumu ambazo mwili huzitengeneza ili zivunje na kubadilisha chakula hatua kwa hatua. Kila kimeng'enya kina kazi yake, na vingi haviwezi kuifanya peke yake. Vinahitaji msaidizi, ndilo gari la hamali. Wasaidizi wengi hutengenezwa kutokana na vitamini za kundi B, na wengine ni madini kama chuma, magnesi na shaba.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. La kwanza, gari likishusha mzigo hurudi tupu likachukue mwingine. Ndiyo maana vitamini hutosha kwa kiasi kidogo mno. Mama anayenyonyesha anahitaji miligramu 1.4 tu za vitamini B1 kwa siku. Punje moja ya mchele ni nzito kuliko hiyo zaidi ya mara kumi! Gramu moja ya vitamini hiyo ingemtosha karibu miaka miwili. Lakini kidogo hicho kikikosekana, kazi husimama.

La pili, gari si mchele. Vitamini yenyewe haina nguvu ndani yake. Anayemeza vidonge bila kula hapati nguvu. Na yule ambaye magari yake yanatosha, akiongezewa mengine kumi hatakuwa na nguvu zaidi ya alizokuwa nazo. Tukilishika hili vizuri, maneno mengi ya wauza dawa za nguvu hayatatubabaisha.

SAFARI YA TONGE LA WALI

Tufuatane na tonge moja la wali. Tumboni na kwenye utumbo huvunjwa likawa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia katika damu na kupelekwa kwenye chembe hai za mwili: za misuli, za moyo, za ubongo. Ndani ya chembe, kila sukari hukatwa vipande viwili. Hapa tayari vitamini B3, iitwayo pia naiasini, iko kazini.

Kisha vipande hivyo hufika kwenye lango la tanuri dogo la chembe, ambalo wataalamu huliita mitokondria. Mlangoni hapo pana kikosi cha vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa pamoja, nacho kinahitaji wasaidizi watano. Wanne kati yao hutokana na vitamini: B1, B2, B3 na B5. Wa tano mwili hujitengenezea wenyewe. Mmoja akikosekana, wanne waliobaki hawawezi kumfanyia kazi yake.

Wakiwa wamekamilika, vipande huingia tanurini na kuunguzwa polepole kwa msaada wa hewa ya oksijeni tunayoivuta. Humo ndani chuma na shaba hupokezana kazi mpaka mwisho. Kinachotoka ni kama sarafu ndogo za nguvu, ambazo wataalamu huziita kwa herufi tatu, ATP. Kwa sarafu hizo mwili hulipia kila kitu: moyo kupiga, mkono kuchota maji, ubongo kukumbuka, maziwa ya mtoto kutengenezwa. Nayo magnesi huishika sarafu hiyo ili ipate kutumika. Mwili hauna ghala kubwa la sarafu hizi, hivyo huzitengeneza upya kila dakika, usiku na mchana.

Sasa fikiri B1 ikiwa haipo pale langoni. Vipande vya sukari hurundikana nje na kugeuka asidi iitwayo laktiki. Miguu huuma na kufa ganzi, misuli hulegea, moyo huelemewa. Na jambo hili tuliseme kwa sauti: kadiri mtu anavyokula wanga mwingi, ndivyo anavyohitaji B1 zaidi. Mama anayekula sahani iliyojaa wali mtupu, akashushia chai yenye vijiko vinne vya sukari, ameongeza mzigo gatini bila kuongeza gari hata moja. Akiba ya B1 mwilini si kubwa, hutosha wiki mbili au tatu hivi.

KUKU WALIOFUNDISHA MADAKTARI

Ugonjwa wa kukosa B1 huitwa beriberi. Miaka mingi watu wa nchi zinazokula wali, hasa za Asia, waliugua na kufa bila mtu kujua sababu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akiuchunguza huko Java, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Alidhani atakuta kijidudu. Siku moja akaona kuku wake wa maabara wanapepesuka na kulegea miguu kama wagonjwa wa beriberi. Baadaye wakapona wenyewe.

Alipodadisi, akagundua kwamba kwa muda kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi upewe kuku. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, na afya ikarudi. Kitu cha kuponya kilikuwa katika ganda jembamba la ndani, lile tunaloliondoa ili mchele ung'ae. Mwaka 1926, hukohuko Java, wataalamu Jansen na Donath walifanikiwa kukitenga kitu hicho. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Na mwaka 1937 Wajerumani Lohmann na Schuster wakaonyesha kazi yake hasa: ni msaidizi wa vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa nguvu.

Bibi mmoja tuliyemweleza habari hii alicheka, akatuambia, "Wanangu, sisi mpunga twautwanga kwa kinu, na pumba nyingine twabaki nayo humohumo. Hatukuutaka uwe mweupe kama karatasi." Tukamwambia, "Bibi, una haki." Kinu na mchi havikumaliza ganda lote. Mashine ya kisasa hulimaliza, na mchele mwingi tunaoununua leo madukani umeletwa kwa meli ukiwa umekobolewa na kung'arishwa kabisa.

JIRANI ZETU WA MAYOTTE

Pengine mama utasema hayo ni ya zamani na ya mbali. Siyo. Kusini mwetu, katika visiwa vya Komoro, kipo kisiwa cha Mayotte ambacho kiko chini ya Ufaransa. Watu wake ni ndugu zetu wa pwani. Lugha yao inafanana na yetu, na chakula chao kikuu ni wali wa mchele mweupe unaotoka nje. Mwaka 2004 watoto wachanga wa huko walianza kuugua ghafla na kufa. Walikuwa watoto wanaonyonya, na madaktari wakatambua kwamba ni beriberi ya watoto wachanga.

Inawezekanaje mtoto anayenyonya maziwa ya mama yake akapungukiwa? Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, nasi hatutaki mtu yeyote aache kunyonyesha kwa sababu ya habari hii. Lakini B1 ya ndani ya maziwa hutoka katika chakula cha mama. Mama akila wali mtupu na mchuzi mwepesi kwa wiki nyingi, maziwa yatatoka, mtoto atashiba, lakini magari ya hamali hayatakuwamo. Kwa hiyo anayehitaji kulishwa vizuri ni mama, ili maziwa yake yawe kamili.

Hapa tuna neno kuhusu arobaini ya uzazi. Zipo nyumba ambako mzazi hukatazwa samaki, mayai, mboga au kunde, akaachiwa uji mweupe na wali. Tunawaheshimu bibi zetu na shangazi zetu, na dawa nyingi za kumkanda mzazi zina faraja yake. Lakini huo ndio wakati ambao mwili wa mama unahitaji vitoweo kuliko wakati wowote. Mkatazo huo tuuache.

CHUMA KINA KAZI MBILI

Kwetu Pemba, upungufu mkubwa zaidi tunaoukuta ni wa madini ya chuma. Chuma kina kazi mbili katika safari ya tonge la wali. Kwanza kimo ndani ya damu, kikibeba oksijeni kutoka mapafuni. Pili kimo ndani ya lile tanuri lenyewe. Mama aliyepungukiwa chuma ana moto usiopata hewa, na jiko lenyewe limetoboka. Ndiyo maana hupumua kwa shida akipanda kilima, moyo humwenda mbio, na viganja vyake huwa vyeupe.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima watoto wa skuli zaidi ya 3,500 hapa Pemba. Zaidi ya 6 kati ya kila 10 walikuwa na upungufu wa damu, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na kukosa chuma. Sababu kubwa ilikuwa safura, yaani minyoo inayong'ata utumbo na kunywa damu. Kwa hiyo hata mtoto anayekula vizuri anaweza kupoteza chuma chake kwa mlango wa nyuma. Minyoo hiyo huingia kwa kutoboa ngozi, hasa ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi. Choo, viatu na dawa ya minyoo ni sehemu ya lishe.

Lipo jambo jingine ambalo wanawake hulisema kwa aibu. Wengi wetu tukiwa wajawazito hutamani udongo au mchele mbichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wajawazito zaidi ya 2,000 wa Pemba ulionyesha kwamba wanaokula udongo au mchele mbichi walikutwa na upungufu wa damu zaidi kuliko wenzao. Mama, usione haya. Hamu hiyo ni ishara ya kwenda kupimwa damu. Mweleze muuguzi wako naye hatakucheka.

FUNZO LILILOTOKA PEMBA

Ukishasikia hayo yote utasema, "Basi tununue vidonge vya chuma tuwape watoto wote." Hata wataalamu wa dunia walifikiri hivyo. Na hapa Pemba ndipo dunia ilipojifunza kuwa na tahadhari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utafiti mkubwa ulifanyika katika kisiwa chetu kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Walikuwa zaidi ya 24,000. Wengine walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Wakati ule malaria ilikuwa kali sana Pemba. Mwezi Agosti 2003 wasimamizi wa usalama waliagiza utoaji wa chuma usimamishwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet: watoto waliopewa chuma walifariki au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao.

Je, chuma ni sumu? Hapana. Katika utafiti huohuo, watoto wachache waliofuatiliwa kwa karibu, ambao walikuwa wamepungukiwa chuma kweli, na ambao malaria yao ilitibiwa upesi, walifaidika. Hatari iko pale unapompa chuma kila mtoto bila kupima na bila kinga ya malaria. Vijidudu vya maradhi navyo hupenda chuma, kama sisi.

Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mahali penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Malaria imepungua sana Zanzibar tukilinganisha na miaka ile, lakini haijatoweka. Tunaweza kuona fahari, akina mama, kwamba watoto wa Pemba na wazazi wao wamesaidia kulinda watoto wa nchi nyingi. Nasi tusiwe wa mwisho kulishika funzo lililotoka kwetu. Usimnunulie mtoto dawa ya damu dukani kwa kumtazama macho tu. Apimwe kwanza.

Kwa mama mjamzito hali ni tofauti. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki ni vyake, na avimeze kila siku kama alivyoelezwa. Vikimletea kichefuchefu, avimeze usiku baada ya kula. Choo kikiwa cheusi asiogope.

TUFANYE NINI JIKONI?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Magari ya hamali tunaweza kuyapata hapahapa kwetu bila kutumia fedha nyingi.

1. Wali usiende peke yake. Kwa kila vikombe vitatu vya mchele, pika kikombe kimoja cha kunde, choroko, mbaazi au maharage. Vyakula vya namna hii vina B1 nyingi. Njugu nyasa nazo ni nzuri sana, ziwe za kukaanga, za kutwanga kwenye mboga au za kutia katika uji wa mtoto.

2. Usiuoshe mchele mpaka maji yawe kama ya kunywa. Ondoa vumbi na mawe, suuza mara moja au mbili, basi. B1 huyeyuka katika maji. Kwa sababu hiyohiyo usipike wali kwa maji mengi kisha ukayamwaga. Wali wetu wa nazi, ambao hunyonya tui lote, umepikwa kwa njia iliyo sahihi.

3. Magadi huilainisha mboga na maharage upesi, lakini huua B1. Loweka maharage usiku, yataiva bila magadi.

4. Dagaa wadogo wanaoliwa wazima ni zawadi kubwa ya bahari yetu. Wana chuma, wana B3, na wana B12 ambayo haipatikani katika mboga za majani. Mama asiyeweza kununua changu au nguru asijione maskini mbele ya kibaba cha dagaa. Lakini samaki na dagaa wapikwe waive, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachovunja B1.

5. Mchicha, matembele, majani ya kunde na kisamvu vina chuma, ila chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Kamulia ndimu juu yake, au maliza chakula kwa embe, pera au chungwa. Vitamini C iliyomo hukisaidia chuma kuingia. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri kabla ya kutiwa nazi.

6. Chai na kahawa huzuia chuma cha chakula. Hatusemi muache chai, maana mtatufukuza! Tunasema inywewe saa moja au mbili mbali na mlo wenye mboga na kunde.

7. Ukinunua unga wa mahindi, dona ni bora kuliko sembe nyeupe, kwa sababu kiini cha mahindi kimebaki ndani.

8. Maini, mayai na maziwa vikipatikana, visiwe vya baba na wageni peke yao. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapewe kwanza. Tunawaomba waume wasome aya hii.

Hapa tunapenda kuwaambia akina mama wa vikundi vya kanisa: siku moja baada ya ibada pikeni pamoja sufuria ya choroko za nazi na mchicha wenye ndimu, na muwaalike majirani zetu Waislamu ambao tunachota nao maji na kulea nao watoto. Mapishi hufundisha haraka kuliko hotuba.

LINI TWENDE HOSPITALI?

Si kila uchovu ni wa kukosa vitamini. Malaria, kifua kikuu, kisukari, mimba changa, kutolala kwa sababu ya mtoto, na hata huzuni ya moyo baada ya kujifungua, vyote humfanya mama aseme hana nguvu. Kwa hiyo uchovu uliozidi wiki mbili upimwe. Na usikubali kuchomwa sindano ya vitamini mtaani na mtu ambaye hakukuuliza swali wala kukupima.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona dalili hizi: kuhema ukiwa umekaa, miguu kuvimba, ganzi au kuungua kwa nyayo kunakozidi, viganja na ndani ya macho kuwa vyeupe kabisa, au moyo kwenda mbio bila sababu. Kwa mtoto mchanga, kataa kungoja hata usiku mmoja ikiwa amegoma kunyonya, anatapika, anahema upesi, au analia na sauti haitoki. Beriberi ya mtoto mchanga inaweza kuua kwa muda mfupi, lakini sindano ya B1 ikiwahi, mtoto anaweza kupata nafuu katika saa chache. Ni magonjwa machache yenye dawa ya haraka hivyo.

Akina mama wapendwa, mara nyingi sisi ndio wa mwisho kupakua na wa kwanza kusema tumeshiba. Tunabakiwa na ukoko wa wali na mchuzi wa chini ya sufuria, huku kitoweo kimekwisha. Kisha tunashangaa tunapochoka. Leo jioni, kabla sufuria haijaepuliwa, jiwekee pembeni kipande chako cha samaki na upawa wako wa kunde. Huo si uchoyo. Watoto wako wanahitaji mama mwenye nguvu ya kuwalea.